Kama Santa Yuko, Basi Mimi ni Mbaya?

Mtoto akikuuliza kama Santa ni wa ukweli, usikimbilie kujibu ndiyo ama la. Muulize kwanza kwa nini anataka kujua. Swali ni moja lakini wanaouliza si wamoja. Kuna mtoi anauliza akitumaini utasema yuko, na kuna mwingine anauliza huku anaomba Mungu useme hayuko.

Yule wa kwanza tunamjua sote. Wa pili ndiye nataka tumwongelee leo.

Huyo wa kwanza, aliye maarufu kuliko wote, anaitwa Virginia O'Hanlon. Mwaka wa 1897 alikuwa na miaka minane, anaishi New York, na marafiki zake walikuwa wamemwambia hakuna Santa. Akamuuliza babake, ambaye alikuwa daktari. Babake akafanya kile wazazi hufanya wakibanwa: akamwachia mtu mwingine mzigo. Alimwambia gazeti la The Sun likiandika kitu, basi hicho kitu ni kweli. Mtoto akashika kalamu, akawaandikia wenye gazeti.

Jibu lilitoka tarehe 21 Septemba 1897, kwenye tahariri isiyo na jina la mwandishi. Ni baada ya mwandishi kufariki mwaka wa 1906 ndipo watu walijua alikuwa Francis Pharcellus Church, mzee aliyewahi kuripoti vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Alimwambia Virginia kwamba ndiyo, Santa yuko, jinsi upendo na ukarimu ulivyoko hata kama huwezi kuushika na mkono. Zaidi ya miaka 120 baadaye, kila Krismasi kuna mahali wanaichapisha tena. Virginia mwenyewe alikua akawa mwalimu, akafika kuwa mwalimu mkuu, na mpaka anafariki mwaka wa 1971 watu walikuwa bado wanamkumbuka kwa ile barua.

Ni jibu tamu, siwezi kukataa. Lakini hebu cheki kitu kimoja. Barua ya Virginia haisemi popote kwamba alikosa zawadi. Shida yake ilikuwa maneno ya marafiki. Ni rahisi sana kumwambia mtoto wa aina hiyo kwamba Santa yuko, kwa sababu jibu halimgharimu kitu.

Sasa njoo Nairobi.

Mpwa wangu ana miaka saba. Dadangu anamlea peke yake, na anauza chapo na madondo kwenye steji. Desemba iliyopita kanisani kwao kulikuwa na sherehe ya watoto, na Santa alikuwa anakuja. Kama hujui hizi sherehe zinavyoendeshwa, ni hivi: wazazi wanaambiwa wapeleke zawadi mapema, imefungwa vizuri, na jina la mtoto limeandikwa juu. Siku ikifika, msee fulani anavaa suti nyekundu na ndevu za pamba, anakaa kwenye kiti katikati ya lile jua la Desemba, jasho linamtiririka, na anaita majina. Watoto hawajui kitu. Wanaona tu mzee ametoka huko mbali na anajua majina yao.

Mtoto wa kwanza kuitwa alipata baiskeli. Mwingine gari la rimoti. Mwingine mwanasesere mrefu karibu kumfikia yeye mwenyewe. Mpwa wangu akaitwa, akapewa boksi la kreyoni. Lile dogo, la rangi kumi na mbili.

Jioni nilipita kwao nikamkuta amekaa kwenye ngazi za ploti, boksi liko kando, hata plastiki ya juu hajatoa. Akaniuliza, "Anko, Santa ni wa ukweli?"

Nikajua ni lile swali la kawaida. Kwanza nikataka kumtania kwamba nyumba zetu hazina bomba la moshi na madirisha yote yana grili, sasa atapitia wapi na tumbo lile. Lakini uso wake haukuwa wa utani. Nikamuuliza mbona anataka kujua.

Akasema, "Kwa sababu kama ni wa ukweli, basi mimi ni mbaya."

Manze.

Halafu akanieleza, polepole, kama mtu ambaye amefanya hesabu na akairudia. Santa anajua watoto wazuri na wabaya. Wazuri anawapatia vitu vikubwa. Yule wa baiskeli huwa anapiga wenzake kwenye darasa la Jumapili, lakini amepewa baiskeli. Yeye huosha vyombo, hajawahi kuitiwa mzazi shuleni, na amepewa kreyoni. Kwa hivyo lazima kuna kitu kibaya amefanya ambacho hakijui, na Santa anakijua.

Sioni mahali hiyo hesabu ina kosa. Ukimwambia mtoto kwamba kuna mtu anaona kila kitu, na anagawa zawadi kulingana na tabia, basi mtoto mwenye akili ataangalia alichopata na kujua thamani yake. Tulimpatia kanuni mbovu, yeye akaifuata vizuri mpaka mwisho.

Sasa niambie, hapo ningemjibu kama lile gazeti la New York? Nimwambie ndiyo mpenzi, Santa yuko, yuko kabisa? Hiyo ingekuwa kumwambia ndiyo mpenzi, wewe ni mbaya.

Nikamwambia ukweli. Hakuna mzee anayetoka mbali. Yule alikuwa mtu wa hapo hapo kanisani. Zawadi zote zilipelekwa na wazazi wiki moja kabla. Baiskeli ilinunuliwa na baba ya yule kijana, na kreyoni zilinunuliwa na mum. Hakuna mtu aliyeandika popote nani ni mzuri na nani ni mbaya.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mum ndiye alinunua? Na pesa za chapo?" Nikasema eeh. Akachukua lile boksi, akang'oa plastiki na meno, akaingia ndani kutafuta karatasi.

Dadangu aliposikia alinikasirikia vibaya. Alinipigia simu usiku, na kwa sababu alikuwa na haki ya kuongea, nilimsikiliza. Aliniambia, "Wewe huna mtoto. Huyu wangu anajua bei ya kila kitu. Anajua bei ya unga, anajua rent inalipwa lini, anajua tukikosa tokeni stima inazima. Siku moja tu kwa mwaka nilitaka apokee kitu bila kujua kimenunuliwa na nini. Hiyo ndiyo zawadi nilikuwa nampa."

Hiyo hoja ni nzito, na sitajifanya ni nyepesi. Watoto wetu wanakua wakijua hesabu za nyumba mapema sana. Mzazi akitaka kumfichia mtoto bei, huo ni upendo. Lakini bado nasimama nilipo. Kujua bei ya kreyoni hakukumuumiza huyo mtoto. Kilichokuwa kinamuumiza ni kudhani bei yake yeye mwenyewe ndiyo hiyo.

Na hapa ndipo mimi huona ajabu, kwa sababu mwanzo wa hii stori ya Santa haukuwa hivi. Jina lenyewe linatoka kwa mtu wa kweli, Nikolaos, askofu wa mji wa Myra, karne ya nne, pale panapoitwa Demre leo huko Uturuki. Hadithi inayosimuliwa zaidi juu yake ni ya baba maskini aliyekuwa na mabinti watatu na hana mahari ya kuwaoza, kwa desturi za huko. Nikolaos akaenda usiku, akarusha dhahabu dirishani, akaondoka. Alifanya usiku ili yule mzee asiaibike. Hakuuliza kama wale mabinti huosha vyombo. Waliletewa kwa sababu walihitaji.

Orodha ya wazuri na watundu ilikuja kushikamana naye baadaye. Uholanzi, Sinterklaas hubeba kitabu kikubwa chenye tabia za watoto. Marekani, wimbo wa mwaka wa 1934 uliotangaza kwamba Santa anakuja mjini ukaisambaza orodha hiyo dunia nzima. Kampuni ya Coca-Cola nayo, kuanzia 1931, ilikuwa inamlipa mchoraji Haddon Sundblom kumchora yule mzee mnene mcheshi tunayemwona hadi leo kwenye maduka makubwa ya Nairobi, amezungukwa na theluji ya pamba. Kwa hivyo tulichopokea huku ni kifurushi: suti, theluji na orodha. Yule mtu wa kupita dirishani usiku ili asimwaibishe maskini hatukuletewa.

Na sisi hata hatukuwa tunamhitaji sana. Wengi wetu tuliokulia ploti, Krismasi ilikuwa nguo mpya, chapati, soda, na safari ya ushago kwenye gari lililopandisha nauli. Nguo ilikuwa inanunuliwa saizi moja juu ili ifike Krismasi nyingine. Lakini ulijua ni nani alikupeleka Gikomba, akabishana na muuzaji mpaka sauti ikapotea. Hakuna mtu alikwambia nguo yako ni kubwa kwa sababu wewe ni mtundu.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema, buda, ni stori tu ya watoto, tulia. Sawa. Lakini angalia ni wangapi kati yetu tulitoka kwa Santa mmoja tukaingia kwa mwingine. Kuwa mtiifu, soma, pata gredi, kuna mahali kuna mtu anaona bidii yako na siku moja ataita jina lako. Mimi nilikuwa na gredi. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilishinda watu wa kwetu, basi. Lakini niliporudi mtaani, watu waliniangalia kama mtu aliyepewa kreyoni. Lazima kuna kitu alifanya huyo. Lazima alikuwa anakunywa. Ilinichukua muda mrefu kujiambia kile nilimwambia mpwa wangu kwenye zile ngazi: hakuna aliyekaa akaandika kwamba wewe ni mbaya. Pesa hazikutosha. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Sisemi mpige Santa marufuku. Watoto wanapenda, na yule msee wa jasho pia anahitaji kazi ya Desemba. Ukitaka awe kwa nyumba yako, mwache awe. Lakini toa ile orodha. Usimtishe mtoto kwamba Santa anamwona akikataa mboga. Na kama mnapanga sherehe ya mtaa ama ya kanisa, wekeni bei moja kwa zawadi zote, ama mnunue zote pamoja zikiwa sawa. Kama mzazi anataka kumnunulia mtoto wake baiskeli, ampatie nyumbani, kwa jina lake mwenyewe.

Na mtoto akija na lile swali, angalia kwanza ameshika nini mkononi. Ukishaona, utajua ni jibu gani anaomba.

Wewe uliambiwa nini ukiwa mdogo? Na ni nani kwa ukweli alikuwa analipa?