Je, Kanda Hiyo Bado Unayo?

Kabla hujamuuzia mnunuzi wa vyuma kuukuu ile redio ya kaseti iliyo juu ya kabati, hebu ifungue kwanza. Huenda mna kanda iliyosahaulika humo.

Ikiwa ulilelewa Kangemi au Kawangware miaka ya 1990, wayajua haya. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliizindua mwaka wa 1963, haikukosa katika ploti yoyote. Mabetri yalikuwa ghali, kwa hivyo kanda ilirudishwa nyuma kwa kalamu ya biro. Na kanda ya muziki iliyonunuliwa River Road haikurekodika mpaka uzibe zile tundu mbili za mgongoni kwa karatasi ya gundi.

Ndivyo alivyofanya mjomba wangu. Aliziba tundu za kanda ya benga, akaenda nayo mashambani, akamketisha nyanya mbele ya redio amtajie ukoo wetu, jina kwa jina. Jogoo nao hawakunyamaza! Nyanya alifariki mwaka wa 2001.

Baadaye tukahamia disketi. Lo! Megabaiti 1.44 tu, picha moja ya simu yako ya leo huenda isienee humo. Aliyekwenda kuchapisha barua ya kuomba kazi katika saiba za Moi Avenue alibeba mbili, maana moja ikikataa kufunguka, siku imeharibika. Kisha flashi, zilizoanza kuuzwa ng'ambo mwaka wa 2000. Chuoni tulizivaa shingoni kama hirizi, na ukiichomeka kwenye kompyuta ya saiba ulirudi Uthiru na virusi vya jiji zima. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, haja ya kubeba kazi mfukoni ikaanza kupungua. Sony nayo iliacha kuuza disketi kule Japani mwaka wa 2011.

Sizililii disketi. Kaseti ndiyo inayonikosesha usingizi. Sauti yake ni unga wa sumaku uliogandishwa kwenye utepe wa plastiki, na joto na unyevu huubandua unga huo polepole, hata kanda ikiwa imelala tu kabatini.

Mwaka jana niliipeleka ile ya nyanya kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue. Aliuhamishia utepe kwenye kasha jipya, akaunganisha redio na kompyuta kwa waya, tukangoja. Kanda haiharakishwi: dakika 30 za upande mmoja ni dakika 30 za kuketi na kusikiliza. Upande wa kwanza ulitoka safi, jogoo na wote. Wa pili ulikuwa umekunjamana, na hapo ndipo nyanya anapomtaja mama yake. Husikiki ila mkwaruzo, kisha gitaa la benga likaibuka pale alipomalizia.

Shangazi ana jina lake analoshikilia, mjomba ana lake. Wa kuwaamua hayupo tena.