Nilimzika Glover Teixeira Akiwa Hai

Julai 2018, siku mbili baada ya Glover Teixeira, mpiganaji wa mapigano mchanganyiko, kupigwa na Corey Anderson mjini Hamburg, niliketi studio ya redio moja hapa Dar es Salaam nikasema Mbrazili huyo amekwisha. Sikusema nadhani, wala sikusema inaelekea. Nilisema amekwisha, nikatoa sababu tatu: kidevu hakihimili ngumi tena, miguu imekuwa mizito, na miaka 38 hairudi nyuma. Mtangazaji akanishukuru kwa uchambuzi wa kina, nami nikaondoka pale kifua mbele.

Uchambuzi ule ulikuwa wa uongo. Si kwamba nilitaka kudanganya mtu; nilisema kwa uhakika jambo ambalo sikuwa nimelitazama. Na laiti lingeishia redioni.

Ushahidi wangu ulikuwa mapambano matatu. La kwanza ni la Agosti 2016, Las Vegas, na huku kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi. Anthony Johnson alimpiga Teixeira ngumi moja ya mkono wa kulia, ikitoka chini kwenda juu, na sekunde ya 13 mchezo ukawa umekwisha. La pili ni la Mei 2017, Stockholm, ambako Alexander Gustafsson alimtwanga hadi akamlaza raundi ya tano. La tatu ndilo hilo la Hamburg, Anderson akimbwaga kila raundi na majaji wote watatu kumpa ushindi. Nikayaweka pamoja, nikapiga mstari chini yake, nikaandika jibu.

Katikati ya mapambano hayo Teixeira alikuwa amemshinda Jared Cannonier, na alikuwa amemmaliza Misha Cirkunov raundi ya kwanza. Niliyajua matokeo yote mawili. Sikuyataja hata moja.

Kwa asiyemfahamu, Teixeira alizaliwa Oktoba 1979 Sobrália, jimbo la Minas Gerais. Alikwenda Marekani akiwa kijana, akaishi Danbury, Connecticut, akifanya kazi za bustani huku akijifunza ngumi na jujitsu. Mambo ya viza yalimrudisha Brazil kwa miaka kadhaa, ndiyo maana UFC, ligi kubwa ya mchezo huo, ilimpata mwaka 2012 akiwa na miaka 32, umri ambao wengine wanaanza kufikiria kustaafu. Alipokutana na Jon Jones kugombea mkanda wa dunia Aprili 2014, alikuwa ameshinda mapambano 20 mfululizo. Akashindwa kwa pointi. Basi, kwa wengi wetu, hapo hadithi yake ikawa imefika mwisho, na yaliyofuata tukayatazama kama mtu anayesubiri gari la mwisho liondoke stendi.

Sasa nieleze alivyokuwa akipigana, maana hapa ndipo nilipopofuka.

Teixeira hakuwa na madoido. Anasonga mbele, mikono juu, anatupa ngumi ya kulia inayopita juu ya bega la mpinzani, halafu ya kushoto kutoka pembeni. Mimi niliziona ngumi zile kama ndiyo kazi yenyewe, na kila zilipopungua kasi nikasema mzee anazeeka. Kumbe ngumi zile ni hodi tu. Mpinzani akinyanyua mikono kujikinga, kiuno kinabaki wazi, na Teixeira anaingia hapo, anakumbatia, anamwangusha. Huko chini ndiko nyumbani kwake. Ana mkanda mweusi wa jujitsu ya Kibrazili, na anaitumia kama seremala anavyotumia randa, taratibu na bila kurudia pasipo sababu. Mtazame mguu wake mmoja unaponaswa katikati ya miguu ya mtu aliye chini yake. Vijana wengi wakifika hapo huvuta mguu kwa nguvu, wanapoteza uzito, wanapinduliwa. Yeye hauvuti. Anashusha bega lake kwenye taya la mwenzake mpaka uso ule ugeukie upande, na mtu ambaye uso wake umegeuzwa hawezi kugeuza mwili kuelekea upande mwingine. Kisha goti linachomoka lenyewe. Akishamkalia kifuani, mpinzani ana njia mbili: abaki ale ngumi, au ageuke atoe mgongo. Akigeuka, anakabwa roba. Akinyoosha mkono kujitetea, mkono wake mwenyewe unabanwa pamoja na shingo, inakuwa kabali ya aina nyingine. Anderson alimshinda kwa sababu alimnyima kufika huko chini akiwa juu. Hilo halikuwa kosa la umri. Lilikuwa kosa la mpango wa siku ile, na mchambuzi makini angeliona. Nami nalipwa kuliona.

Wiki ile ile ya redio nilikuwa na mwanafunzi kwenye jimu yetu ndogo pale Mabibo. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa hajaniomba nimwandike. Alikuwa fundi wa magari, miaka 36, mtulivu, ana mikono inayoshika kama koleo. Alianza judo ukubwani na alipenda mapigano mchanganyiko kuliko kijana yeyote niliyekuwa naye. Hapa kwetu nafasi za mchezo huo ni chache. Ukipata pambano moja kwa mwaka unashukuru. Mwezi Juni alikuwa amepigana na kijana wa miaka 24, akaangushwa kwa ngumi raundi ya pili, mwamuzi akasimamisha. Alikuja kwangu akiwa na swali moja: "Mwalimu, niendelee au niache?"

Nilimjibu kwa maneno ya redioni. Nilimwambia kidevu kikishafunguka hakifungi, nikampa mfano wa Teixeira, bingwa mtarajiwa wa zamani, mtu wa Marekani mwenye madaktari na walimu wa kila namna, naye amekwisha, sembuse wewe unayeshinda chini ya gari. Aliitikia kwa kichwa. Alikunja taulo lake, akapeana mkono na kila mtu jimuni, akaondoka. Pambano lake lilikuwa limerekodiwa kwa simu na kijana wetu mmoja. Mimi siku ile nilikuwa kwenye msiba Morogoro, sikuwepo ukumbini. Na mpaka ninampa jibu, video ile sikuwa nimeifungua.

Januari 2019, Brooklyn, Teixeira akapigana na Karl Roberson. Alipoushika mguu wa Roberson alipigwa viwiko vya kichwani, akalegea. Nikajisemea sebuleni, si nilisema? Kabla raundi ya kwanza haijaisha Roberson alikuwa chini, amebanwa shingo na mkono wake, anagonga kuomba aachiwe. Nikasema bahati. Aprili akamkaba Ion Cutelaba. Nikasema Cutelaba ana pupa. Septemba akamshinda Nikita Krylov, majaji wakigawanyika. Nikasema alipendelewa. Mei 2020 akampiga Anthony Smith mjini Jacksonville, ukumbi hauna watazamaji kwa sababu ya korona, hata maneno ya wapiganaji yakawa yanasikika. Smith alipoteza meno mle ulingoni na kumkabidhi mwamuzi, huku Teixeira akimwomba radhi katikati ya kumpiga, akimwambia kuwa ndiyo kazi yenyewe. Pambano lile lilinigusa, lakini bado nilisema Smith alichoka.

Kiburi cha mchambuzi ni kigumu kufa. Kila ushindi wa mtu niliyemzika niliutafutia sababu kwa mpinzani wake.

Lililonivunja ni la Novemba 2020. Thiago Santos alimwangusha Teixeira kwa ngumi mwanzoni mwa raundi ya tatu na kumfuata chini ammalize. Haikupita dakika mbili, Teixeira akawa mgongoni mwa Santos, mkono umepita chini ya kidevu, Santos anagonga. Safari hii nilirudisha video nyuma. Nikairudisha tena. Sikutazama ngumi, nilitazama mikono ya aliyepigwa. Miguu yake ilikwisha, ndiyo, lakini mikono ilikuwa kazini tangu anafika chini: inatafuta kiuno, inatafuta paja, inamvuta mpinzani karibu mahali ambapo ngumi hazina nafasi ya kuruka. Nikarudi kwa Roberson, ni yale yale. Anaanguka akielekea anakokujua.

Ndipo nikaelewa kwamba kuna kuanguka kwa namna mbili, nami maisha yangu yote ya kufundisha nilikuwa nazihesabu kama moja. Kuna kule kwa Johnson mwaka 2016, taa inazimika, mtu anafika chini hayupo. Na kuna kule ambako miguu imekataa lakini kichwa kinajua kilipo na mikono inajua pa kushika. Hii ya pili ni ufundi. Hufundishwa, hurudiwa maelfu ya mara mazoezini, na mtu mzima anaweza kuwa nayo zaidi ya kijana.

Tarehe 30 Oktoba 2021, Abu Dhabi, siku mbili baada ya kutimiza miaka 42, Teixeira alimwangusha bingwa Jan Błachowicz, akampanda, akamkaba roba raundi ya pili, akachukua mkanda wa kilo 93. Hakuna aliyewahi kuupata ubingwa wa UFC kwa mara ya kwanza akiwa na umri huo. Sikushangilia. Nilitoka nje uani, nikampigia simu mwanafunzi wangu.

Nilimwomba radhi. Nilimweleza yote, hata la video. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa mwalimu, siku ile ulinitazama mimi, au ulimtazama yule Mbrazili?" Nikamwambia sikumtazama yeyote kati yenu wawili. Akasema amesikia. Akaniambia hana kinyongo, ila asingependa kurudi, umri umesogea na gereji imekua.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Siwaambii wenye miaka 36 waendelee kupigwa kichwani kwa sababu ya Teixeira. Ubongo hauna mazoezi ya kuurudisha. Yeye mwenyewe alipoteza mkanda kwa Jiří Procházka Juni 2022 huko Singapore, zikiwa zimebaki sekunde 28 tu pambano kuisha, na Januari 2023, Rio de Janeiro, Jamahal Hill alimpiga raundi zote tano. Usiku ule ule akavua glavu, akaziacha ulingoni, akastaafu. Aliamua yeye, mbele ya watu wa kwao, akijua alichokiona na alichokihisi mwilini. Baadaye tukamwona kwenye kona ya mpiganaji mwenzake Alex Pereira, akimwelekeza. Pengine mwanafunzi wangu naye alistahili kuacha. Lakini alistahili kuachishwa kwa mapigano yake mwenyewe, na mtu aliyeyatazama.

Video ile niliiomba kwa yule kijana wetu, bado alikuwa nayo. Picha inatikisika, kelele za ukumbi zimefunika kila kitu, ila raundi ya pili inaonekana vizuri. Ngumi inampata, magoti yanakunjika. Mwamuzi anaanza kukimbia kuja kuwatenganisha. Kabla hajafika, mikono yote miwili ya mwanafunzi wangu ilikuwa imeshaushika mguu wa mpinzani wake, na mpinzani alikuwa ameanza kuyumba.