Ule wa Mama wa Bunda

Mwishoni mwa 1994, nikiwa Musoma nasubiri matokeo ya kidato cha nne, nilinunua kaunta buku pale Nyasho na kuandika kwenye jalada: NYIMBO ZA LITUNGU. Litungu lenyewe sikuwa nalo, na wimbo niliokuwa naujua ni mmoja tu, tena nusu.

Mjomba wangu alikuwa akiishi Butiama. Jirani yake alikuwa mzee wa Kikurya aliyehamia kutoka Tarime, fundi wa kupiga litungu. Wenyewe huliita iritungu: bakuli la mti lililowambwa ngozi, miti miwili inayopanda juu kama pembe, wa tatu umelazwa juu yake, na nyuzi nane. Sauti yake nzito, kama ya mtu anayeongea huku amefumba mdomo. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Za mzee zilikuwa za nailoni, na hiyo ndiyo ikawa ada yangu. Kila nilipokwenda kwake nilipitia kwanza Mwigobero kwa wauza zana za uvuvi, nikachukua mshipi mnene wa sangara kwa nyuzi za sauti nzito na mwembamba kwa zile nyembamba, pamoja na kilo ya sukari. Basi la Bunda lilinishusha Kiabakari, kilichobaki ni miguu, au baiskeli ya msamaria.

Siku ya kwanza nilitoa kaunta buku langu na kalamu. Mzee akalitazama, akauliza, "Hilo nalo linapigwa?"

Baada ya mwezi nilikuwa na majina arobaini ya nyimbo. Niliyahesabu kila jioni kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani, maana nyimbo nilizoweza kupiga zilikuwa mbili. Nikajaribu kuzipa nyuzi namba, moja hadi nane, niandike pigo lote. Ukurasa ukajaa tarakimu kama daftari la namba za simu, na nilipozifuata siku ya pili zikatoa milio isiyo wimbo wala kelele. Namba zilijua ni uzi gani. Hazikujua ni lini.

Mzee alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alitema mate kidogo vidoleni, akazungusha vile vitambaa vinavyokaza nyuzi kwenye mti wa juu, huku akinong'ona wimbo mpaka nyuzi zikubaliane na koo lake la siku hiyo. Akiwa na mafua, litungu zima lilishuka. Kisha: "Imba." Sikuruhusiwa kugusa uzi kabla sijaimba wimbo mzima. Nikishaujua, alipiga yeye, akakatisha katikati na kunisukumia litungu: "Endelea." Mimi niliyezoea kuanza mwanzoni nilitoa macho. Na kila somo lilianza na nyimbo za zamani. Moja ikikosekana, mpya hakuna siku hiyo, nimalize chai niende zangu. Mara ngapi nimerudi Kiabakari nikimlaani kimoyomoyo, nailoni yangu nimeiacha, wimbo sikupewa!

Mwaka 1996 nikaona nimepata dawa: redio kaseti. Nilimrekodi mzee pande zote mbili za kanda. Wiki tatu baadaye binamu yangu akaichukua na kurekodia juu yake rumba ya Kongo, akabakiza dakika kama nne za litungu mwishoni. Na Mwalimu Nyerere, ambaye nyumbani kwake Mwitongo hakukuwa mbali na pale nilipokuwa nikifundishwa, aliwahi kulalamikia jambo hilohilo. Desemba 1962, alipotangaza bungeni kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasema wasomi wanaojua kucheza rumba na chachacha lakini ngoma za kwao hawazijui. Binamu hakuwa msomi, lakini madhara yakawa yaleyale.

Kilichonibadilisha ni harusi moja ya Bunda, mwaka 2001, chini ya mlima wa Balili. Mzee alikuwa anaumwa, nikaenda peke yangu. Nyimbo sita zilikwenda vizuri. Ya saba ikapotea. Vidole viko kwenye nyuzi, kichwa kitupu, nazungukazungukia uzi mmoja kana kwamba nimekusudia. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kitenge kimefungwa kiunoni. Hakujua kwamba nimepotea. Aligonga kisigino mara mbili, akaburuta mguu wa kulia, akaacha bega lisubiri. Akagonga tena. Mkono wangu wa kushoto ukafuata kile kisigino, wa kulia ukafuata bega, na wimbo ukarudi wote, hadi kipande ambacho kwa mzee nilikuwa nakikosea kila siku.

Nilipomsimulia, mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kwani wewe ulidhani mimi naziweka wapi?"

Tangu hapo sikuandika tena majina. Kila wimbo nikaupa mtu.

Miaka michache baadaye alikuja Musoma mwalimu wa kujitolea kutoka Ireland, mpiga fidla. Kwao, alisema, watu hukaa baa na ala zao bila karatasi, mmoja anaanza, anayeujua wimbo anaingia, na wengi wakiulizwa jina lake hawana. Akanihadithia habari za Francis O'Neill, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905. Mwaka 1903 alitoa kitabu cha nyimbo 1,850 za kwao, ilhali yeye mwenyewe hakuwa fundi wa kuandika muziki. Alizipiga kutoka kichwani, na polisi mwenzake, James O'Neill, ndiye aliyeziandika. Nikalikumbuka kaunta buku langu. Kumbe nilikosa James.

Mzee alifariki 2008. Leo simu yangu ina rekodi zaidi ya mia tatu, za litungu kutoka Tarime na za nyatiti kutoka Rorya, nyingine zimetumwa na watu nisiowajua. Sijajifunza hata kumi. Mtoto wa dada yangu ndiye anayezitumia, tena msichana, na kwa mzee litungu lilikuwa la wanaume. Anarudia kipande cha sekunde kumi mpaka mama yake anafunga mlango, na ndani ya wiki wimbo anao. Mimi kwa mzee ningechukua miezi miwili.

Majuzi alinipigia mmoja, safi kabisa, kisha akakata ghafla. Nikamwambia aendelee. Akasema umeishia hapo. Nikausikiliza kwenye simu: kweli, aliyerekodi alizima katikati ya mstari, naye huishia hapohapo kila siku. Nikamwimbia kipande kilichobaki, huku nikigonga kisigino.

"Unaitwaje huu, mjomba?"

"Ule wa mama wa Bunda."

Akanyanyua simu, akaisogeza karibu na mdomo wangu. "Rudia. Na usigonge mguu, unaharibu sauti."