Kodi ya Mwanafunzi Ugenini

Watu wengi hudhani kuwa kodi haimhusu mwanafunzi. Kaka yangu, asomaye chuo kikuu huko Marekani, ametufundisha vingine.

Kaka hufanya kazi saa chache katika maktaba ya chuo, na mshahara wake hukatwa kodi. Alipotuarifu kuwa imempasa pia kujaza hati za kodi, baba, auzaye viazi Makambako, aliuliza, "Mwanangu, kukatwa hakutoshi?"

Kaka alieleza hivi. Mwenye viza ya mwanafunzi, kwa kawaida, hahesabiwi mkazi katika mambo ya kodi kwa miaka 5 ya kwanza. Hujaza fomu 8843 hata kama hakupata senti moja. Aliyelipwa mshahara hujaza pia fomu 1040-NR, na mwisho wake ni tarehe 15 Aprili. Kodi iliyokatwa kupita kiasi hurudishwa, lakini asiyejaza hapati kitu.

Mwenzake alimshauri ajaze fomu ya wakazi ili arudishiwe fedha nyingi zaidi. Kaka alikataa, maana hati ya uongo ingeweza kumharibia viza na masomo yake. Alirudishiwa kidogo, lakini kwa haki. Na kidogo hicho ndicho kilichoninunulia godoro nilalialo hapa Njombe.

Ndugu wanafunzi, huenda baadhi yetu tutasoma ng'ambo. Tuanze sasa kutunza kila risiti, na kuandika kweli katika kila hati, hata pasipo mtu wa kutuangalia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne