Kulala Bure Karibu na Mikumi

Mtoto wa Kariakoo humwona tembo mara kwa mara, lakini kwenye noti ya shilingi 10,000. Kifaru yuko kwenye noti ya 5,000, na simba kwenye ile ya 2,000. Akina mama wengi wa Magogoni na Kariakoo tunatamani watoto wetu wawaone wanyama hao wakiwa hai. Tukishapiga hesabu ya nauli, kiingilio, chakula na malazi, moyo unavunjika na safari inaahirishwa mwaka hadi mwaka. Mpendwa msomaji, nauli na kiingilio havikwepeki. Malazi ndiyo yanayoweza kupunguzwa, tena kwa heshima.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iko zaidi ya kilomita 280 kutoka Dar es Salaam. Ilianzishwa mwaka 1964, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inaipasua katikati kwa kilomita 50 hivi. Abiria anayepita kwa basi hatozwi kiingilio, na mara nyingi huwaona twiga, swala na pundamilia kupitia dirishani. Hata hivyo, hairuhusiwi kushuka kuwafuata wanyama, wala kupiga hema kando ya barabara hiyo. Anayelala porini bila kibali anavunja sheria, na anaiweka hatarini roho yake na za watoto wake.

Ndani ya hifadhi vipo viwanja vya kambi, lakini hulipiwa kwa kila mtu na kwa kila usiku, mbali na kiingilio. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na hulipa kidogo kuliko wageni wa nje. Viwango hubadilika, basi waulizeni TANAPA kabla ya kuchanga fedha.

Je, pa kulala bure ni wapi? Ni nje ya mpaka: kijijini Doma, kabla ya kuingia hifadhini ukitokea Morogoro, au Mikumi mjini, ukishaivuka. Lakini tuelewane. Kwa sheria za mwaka 1999, ardhi ya Tanzania ni ya aina tatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Ile ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Hakuna kichaka kisicho na msimamizi. Kwa hiyo kulala bure maana yake ni kukaribishwa na mtu.

Milango ya kubisha ni mitatu: kanisa, shule wakati wa likizo, na ua wa jamaa au rafiki. Andikeni barua wiki kadhaa kabla, yenye mhuri wa kanisa au wa kikundi chenu, mkitaja idadi ya watu, umri wa watoto na siku mtakazokaa. Mkifika, kabla ya kufungua mizigo, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa mkajitambulishe. Usiku likitokea la kutokea, atajua mko wapi.

Nilipokwenda na akina mama wenzangu, tulipokewa kwenye kiwanja cha kanisa. Mama mwenyeji alitukaribisha vizuri, lakini niliona anahesabu vichwa vyetu kimyakimya. Jioni, tukimenya viazi pamoja, alinieleza sababu. Kundi lililotutangulia lilikuwa la watu thelathini. Walioga, wakafua, wakaondoka asubuhi wakishukuru. Pipa la maji lilibaki tupu, na aliyekwenda kulijaza, ndoo kwa ndoo, alikuwa yeye na binti yake. "Waliambiwa ni bure," alisema, akacheka kidogo.

Maneno yale sijayasahau. Malazi ya bure yana mlipaji, na mara nyingi ni mwanamke. Sisi tulikuwa na madumu yetu, tukanunua maji kwa wauzaji wa pale na kumwachia pipa limejaa. Tulimwachia pia mchele, sabuni na kandili moja. Hata hivyo gharama yetu ilikuwa chini sana kuliko ya nyumba ya wageni.

Sasa niseme kama muuguzi. Turubai, kamba na chandarua chenye dawa nunueni Kariakoo mapema. Kila mtoto alale ndani ya chandarua, kwani malaria haijali kwamba mko likizo. Mbung'o hupenda rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, basi vaeni nguo za rangi ya udongo. Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvivaa, maana nge hupenda kujificha humo. Usiku msiende chooni bila tochi, wala mtoto asiende peke yake. Matunda na mabaki ya chakula yasilale ndani ya hema, kwa kuwa tembo hajui mpaka wa hifadhi, na harufu humvuta.

Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye sumu, msifunge kamba ya kukaza. Mlazeni, mzuieni asitembee, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na apelekwe hospitali upesi. Mikumi mjini ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito.

Kipindi kizuri ni kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na wanyama wakikusanyika penye maji. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Morogoro, na pale Msamvu mnapata basi. Kuingia hifadhini kunahitaji gari, nalo mnaweza kukodi Mikumi mjini na kuchangiana.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Akina mama, tukienda kulala kwa watu, tuulize kwanza maji yanatoka wapi na nani huyachota. Tukimpunguzia mzigo yule anayeyachota, kundi litakalokuja baada yetu litakuta mlango uko wazi.