Tutaandika Mwaka Gani?

Mbilikimo wangu wa kwanza kufa kwenye Dwarf Fortress alizama mtoni na maiti haikupatikana. Sikujali, nilikuwa na wengine wengi. Lakini baadaye akarudi mzimu, akawa anawasumbua wenzake mpaka nikaenda mtandaoni kutafuta dawa.

Dawa ni jiwe. Tarn na Zach Adams, ndugu wawili Wamarekani waliotoa gemu hiyo 2006, waliitunga hivi: aliyekufa asipozikwa anaweza kurudi. Mwili ukipotea, unamwambia fundi achonge bamba lenye jina lake na alivyokufa, halafu unalisimamisha popote ngomeni. Basi, mzimu unatulia.

Nilichongesha langu saa nane usiku, kwa chumba changu hapa King'ong'o, nikamfikiria shosho.

Babake alichukuliwa na askari 1954, wakati wa Hali ya Hatari. Shosho alikuwa na miaka minane. Mzee hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Si sisi pekee. Dedan Kimathi, mtu wa kwetu Tetu, alihukumiwa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mpaka leo familia yake haijapata mahali pa kuweka maua.

Na hapa mjini, kwenye makaburi ya St. Peter's, Baden-Powell amelala tangu 1941. Maskauti hutoka mbali kuja kumwona. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati, alama yao ya kusema "nimeenda nyumbani". Sina ubaya naye. Ila nikipita hapo huwa naona wivu.

Jumapili nikamuuliza shosho kama tunaweza kumwekea babake jiwe.

"Juu ya nini?"

"Juu ya nyasi tu, Shosh. Pale kando ya mparachichi."

Akaendelea kuchambua maharagwe. Nikadhani nimemuudhi. Kisha akanitajia majina yake yote matatu, akasema alikuwa seremala, na kwamba alipenda chai yenye sukari nyingi mno. Miaka yote hiyo sikuwa nimesikia hata moja.

"Na mwaka wa kufa mtaandika gani?"

Kwenye gemu, kompyuta ndiyo inajua. Sisi hatujui. Tulizungusha hilo swali mpaka maharagwe yakaisha, halafu shosho mwenyewe akaamua. Fundi ameanza wiki hii. Chini ya jina ataandika: *Alichukuliwa 1954.*