Kufahamu Kile Tulicho Nacho



Kijana anunuapo baiskeli, mwezi haupiti kabla hajajua kuziba tundu la mpira, kukaza mnyororo na kuupaka mafuta. Hakuna amlazimishaye, hujifunza kwa kuwa baiskeli ni yake na njia ni ndefu. Lakini kijana huyo huyo akinunua kompyuta, tena kwa fedha nyingi zaidi, ataitumia miaka mitano bila kulegeza skrubu hata moja. Siku ikikataa kuwaka, huibeba mpaka kwa fundi, huiweka mezani pake na kungoja hukumu. Kati ya kununua kitu na kukimiliki pana mwendo, nao ndio tunaotaka kuutafakari pamoja nanyi.

Sisi tulisomea ualimu, si ufundi. Kompyuta tumezipenda tu, kama wengine wapendavyo kandanda, na kwa miaka mingi meza yetu ya nyumbani hapa Lubumbashi haijakosa sanduku lililofunguliwa. Tuliyoyaona mezani hapo si siri za wataalamu. Ni mambo ambayo kijana mwenye bisibisi, daftari na saburi anaweza kuyafikia.

Tukumbuke kwanza kwamba kompyuta ya mtu binafsi ilizaliwa ili ifunguliwe. Mnamo Januari 1975 gazeti moja la Marekani, Popular Electronics, lilionyesha kwenye jalada lake mashine iitwayo Altair 8800, ambayo mnunuzi aliweza kuipata ikiwa vipande na kuviunganisha mwenyewe. Mnamo Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake, yenye nafasi 5 ndani za kuongezea kadi, ikachapisha pia kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi zake. Kwa sababu hiyo wengine waliweza kutengeneza kadi za kuingia humo, na baadaye mashine nzima zinazofanana nayo. Ndiyo maana hata leo diski ya kampuni moja huingia katika sanduku la kampuni nyingine bila ugomvi. Hata hivyo, si mashine zote zilizobaki na tabia hiyo. Katika kompyuta nyingi nyembamba za kubebwa za siku hizi, kumbukumbu imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, haiongezwi wala haibadilishwi. Basi kabla ya kutoa fedha, ulizeni maswali mawili: Je, kumbukumbu yaweza kuongezwa? Je, diski yaweza kubadilishwa? Muuzaji asipojua, fungueni mfuniko wa chini mbele yake, nao utajibu.

Kompyuta nyingi tunazozinunua zilikwisha kufanya kazi katika ofisi za ng'ambo. Baadhi huvuka bahari, hushukia Dar es Salaam, hupita Zambia kwa lori na kuingia kwetu Kasumbalesa. Kibodi ya AZERTY huonyesha ilikotoka: kwa kawaida alama ya @ ikiwa kwenye kitufe cha 2, ilitengenezewa Ubelgiji, ikiwa kwenye kitufe cha 0, ilitengenezewa Ufaransa. Mashine ya namna hiyo, hata ikiwa na miaka minane, si takataka. Uvivu wake mara nyingi hukaa mahali pawili.

Pa kwanza ni diski ngumu ya zamani. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta kilichoandikwa. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hakuna kungoja mkono ufike. Tumeona kompyuta zilizokuwa zikichukua dakika tatu kuamka, na baada ya kubadilishiwa diski zikaamka kabla mwenyewe hajamaliza kuvuta kiti. Pa pili ni kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo RAM. Ikiwa ni GB 4 tu, kurasa chache za intaneti zikifunguliwa pamoja na maandishi marefu huijaza. Kuifikisha GB 8 huleta nafuu kubwa. Lakini hapa macho yatangulie mfuko. RAM ya DDR3 na ile ya DDR4 hutofautiana pengo lililokatwa kwenye ukingo, hata moja haiingii mahali pa nyingine, ikikataa, msiisukume. Tena zipo kompyuta za kubebwa zinazodai DDR3L, itumiayo volti 1.35 badala ya 1.5. Kwa umbo hazitofautiani; ni karatasi iliyobandikwa juu yake inayosema ukweli.

Kipi basi kibadilishwe kwanza? Mashine yenyewe ndiyo iulizwe. Katika Windows, bonyezeni kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, kisha mtazame wakati ule ule inapolegea: je, ni diski iliyofika asilimia 100, au ni kumbukumbu iliyojaa? Kununua kabla ya kuuliza ni kumpa mgonjwa dawa ya jirani yake.

Wengine wameambiwa kwamba kompyuta zao zimekufa kwa sababu Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ni kweli kwamba Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, pamoja na prosesa ambazo mashine nyingi za kabla ya 2018 hazina. Lakini mashine hizo hazikufa. Upo mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland; hutolewa bure, na hutembea vizuri kwenye mashine nyingi za zamani. Tawi lake moja mashuhuri, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, linaitwa Ubuntu, neno ambalo ni ndugu wa utu wetu.

Hata hivyo, shule kubwa kuliko zote ni siku mashine inapoharibika. Kwetu hapa jibu la kwanza huwa neno moja: virusi. Skrini nyeusi ni virusi, joto ni virusi, saa kurudi nyuma ni virusi. Kumbe kompyuta ya mezani inayosahau tarehe kila inapochomolewa, mara nyingi imechoka betri yake ndogo, ile ya mviringo ya volti 3 iitwayo CR2032, iliyokaa juu ya ubao mkuu. Neno linalojibu kila swali halijajibu hata moja. Humwondolea mtu kazi ya kutafuta, na humwacha mikononi mwa yeyote anayedai kujua.

Katika ualimu tulifundishwa kutoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Kompyuta haidai zaidi ya hapo. Je, umeme unafika? Chomekeni taa kwenye soketi ile ile. Je, feni inazunguka? Je, skrini inawaka ikiunganishwa na mashine nyingine? Kisha zimeni, chomoeni waya, gusani chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli utoke mwilini, mwondoe kila kisicho cha lazima. Anzeni na kidogo, mwongeze kimoja kimoja. Sheria moja msiivunje: badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kila hatua iandikwe daftarini. Atakayebadilisha mawili, mashine ikipona, hajui kilichoiponya. Ikiugua tena, ataanza upya.

Mwalimu mmoja kijana alituletea kompyuta yake ya mezani. Feni ilizunguka, skrini ilibaki nyeusi, na mlio ule ule ulirudiwa bila kukoma. Fundi alikuwa amemwambia kwamba ubao mkuu umekufa, akajitolea kuinunua mashine kwa bei ya chuma. Ndani yake mlikuwa na masomo aliyoyatayarisha mwaka mzima, na mshahara wake haukuruhusu kununua nyingine. Tuliondoa vyote, tukaacha RAM moja kati ya mbili, mlio ukaendelea. Tukaweka ile ya pili mahali pake, mashine ikawaka. Ile ya kwanza tukaifuta meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, polepole, tukairudisha, ikafanya kazi. Gharama yote ilikuwa kifutio. Hatusemi kwamba fundi yule alidanganya. Huenda alikuwa na haraka tu. Tunasema kwamba bila kuuliza maswali kwa utaratibu, kijana yule angeuza mali nzima kwa ajili ya vumbi.

Si kila hadithi huisha hivyo. Msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja na kompyuta iliyokuwa ikitoa sauti ya kugonga ndani, tak, tak, tak. Sauti hiyo katika diski ngumu mara nyingi ni ya mkono ule mdogo usioweza tena kusoma. Kwa siku nne alikuwa ameiwasha na kuizima akitumaini, na kila kuwasha kwaweza kuikwaruza diski zaidi. Hatukuweza kumrudishia chochote. Kazi yake ya mwisho wa masomo, kurasa karibu 60, haikuwa na nakala mahali pengine popote. Aliandika upya, na akachelewa mwaka. Tangu hapo kila kijana anayefika kwetu tunamuuliza kwanza habari za nakala zake, ndipo tuulize kinachomsumbua. Kanuni ni nyepesi: nakala 3, kwenye vyombo vya namna 2, na 1 kati yake ikae nje ya nyumba, kwa ndugu au kwa rafiki mwaminifu. Flashi ndogo tu ingemwokolea mwaka mzima. Diski huuzwa dukani, lakini maandishi yaliyopotea hakuna muuzaji wake.

Mji wetu nao una maadui wake. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali, huziba feni na kipoza joto, na mashine hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Mwenye kuifungua na kuisafisha kwa brashi laini kila baada ya miezi michache, akiizuia feni kwa kidole isizunguke, atashangaa jinsi inavyorudia ujana. Wakati wa mvua adui ni radi, na mwaka mzima ni umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu isiyo na kipimo. Ukikatika, chomoeni, ukirudi, subirini dakika chache utulie. Ujasiri nao una mpaka. Sanduku la chuma linaloigawia kompyuta ya mezani umeme lisifunguliwe, kwa kuwa ndani yake umeme wa kuua hubaki hata baada ya kuchomoa waya. Betri ya kompyuta ya kubebwa ikivimba, isitobolewe wala isichajiwe tena. Kujua pa kusimama ni sehemu ya kufahamu.

Lipo jambo la mwisho, nalo latuhusu sisi wa Katanga kuliko wengi. Tazameni ubao wa kompyuta kwenye mwanga: mistari ile midogo ipitishayo umeme ni shaba, madini ambayo mkoa wetu ulibeba jina lake tangu 1971 hadi 1997. Betri nyingi za kompyuta za kubebwa zina kobalti, kama ile ichimbwayo Kolwezi. Vichomeleo vina bati, na baadhi ya vipande vidogo kama punje ya mchele vina tantalumi itokayo katika koltani. Vyote viwili huchimbwa Manono. Vijana wa rika lenu hushuka mashimoni kwa ajili ya madini hayo, na wengine hawapandi tena. Kisha mashine hurudi kwetu ikiwa imechakaa nusu, nasi huitupa kwa sababu ya RAM yenye vumbi, na kwenye jalala nyaya zake huchomwa moto na moshi wake huvutwa na watoto. Mashine iliyoongezewa miaka mitano ya kazi haitafunga mgodi wowote. Lakini ni heshima kwa jasho lililomwagika, nayo iko ndani ya uwezo wetu.

Tunalipendekezea kila kundi jambo moja dogo. Tafuteni kompyuta moja iliyotupwa stooni, ambayo hakuna tena aitegemeaye. Kaeni kuizunguka Jumamosi moja alasiri, na sahani ya kuwekea skrubu ili zisipotee. Mmoja ashike bisibisi, mmoja ashike daftari, mwingine aulize maswali. Wasichana wasiachiwe kufagia tu baadaye. Nao washike bisibisi kwa zamu. Taja jina la kila kipande na kazi yake kabla ya kukirudisha. Huenda itawaka, huenda haitawaka. Lakini siku mashine zenu wenyewe zitakapokataa kuamka, usiku wa kuamkia mtihani, hamtaanza kwa hofu wala kwa neno virusi. Mtaanza kwa kuuliza: je, umeme unafika?